Mchoro wa Moyo Unapopotosha: Somo Kuhusu Wagonjwa Wenye Maumivu ya Kifua

Ni saa nne usiku katika hospitali ya kaunti ndogo. Wagonjwa wawili wamefika ndani ya nusu saa, na wote wawili wanalalamikia kifua.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 24, mwendeshaji wa boda boda. Kifua kimemchoma kwa siku mbili. Wa pili ni mama wa miaka 58 mwenye ugonjwa wa sukari na presha. Muuguzi anapomuuliza, "Mama, unaumwa wapi hasa?" anajibu, "Hata si maumivu, mwanangu. Ni uzito, kama mtu ameniwekea gunia la mahindi hapa. Nimekunywa dawa ya vidonda vya tumbo na haijasaidia." Uzito huo ulianza saa mbili na nusu. Uso wake una jasho ingawa usiku ni wa baridi.

Wote wawili wanapimwa umeme wa moyo, kipimo ambacho wahudumu wengi hukiita ECG. Mchoro wa kijana unatisha: mistari imeinuka karibu kila mahali, na mashine imechapisha onyo la mshtuko wa moyo juu ya karatasi. Mchoro wa mama unaonekana karibu wa kawaida.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini swali lake ni la kila zamu. Ni nani kati ya hao wawili aliye hatarini zaidi? Anayesoma karatasi peke yake atamkimbilia kijana na kumwambia mama asubiri kwenye benchi. Somo hili linaeleza kwa nini hilo linaweza kuwa kosa, na jinsi ya kuliepuka.

KINACHOONYESHWA NA MCHORO

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo unaosambaa katika misuli ya moyo. Mashine huunasa umeme huo kupitia elektrodi 10, nne kwenye mikono na miguu na sita kifuani. Kutokana na hizo 10, mashine huutazama moyo kutoka mielekeo 12: I, II, III, aVR, aVL, aVF, na V1 hadi V6.

Katika kila pigo kuna wimbi P, la vyumba vya juu vya moyo. Hufuatwa na kundi la QRS, la vyumba vya chini. Mwisho huja wimbi T, moyo unapojiandaa kwa pigo jingine. Kati ya QRS na wimbi T kuna kipande kinachoitwa ST, ambacho kwa kawaida hulala sawa na mstari wa msingi.

Mshipa unaolisha moyo ukizibwa kabisa na damu iliyoganda, misuli iliyokosa damu hubadilisha umeme wake, na kipande cha ST huinuka. Mwinuko unaohesabiwa ni wa milimita 1 au zaidi katika mielekeo miwili inayopakana. Katika V2 na V3 kipimo ni kikubwa zaidi: milimita 2 kwa wanaume wa miaka 40 na zaidi, milimita 2.5 kwa wanaume walio chini ya miaka 40, na milimita 1.5 kwa wanawake.

Tatizo ni kwamba ST huinuliwa na mambo mengi, na kuziba kwa mshipa ni moja tu kati ya hayo. Vilevile, mshipa unaweza kuwa umeziba na ST isiinuke mahali ambapo mashine inaangalia. Mchoro hurekodi umeme, hauoni mshipa wenyewe.

Makosa ya pande zote mbili yana gharama. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama vile streptokinase, huokoa maisha ya mwenye mshipa uliozibwa. Akipewa asiyeihitaji, inaweza kumvujisha damu ubongoni au kuujaza damu mfuko unaouzunguka moyo. Kwa upande mwingine, mwenye mshtuko wa moyo akirudishwa nyumbani na dawa ya tumbo, misuli ya moyo wake inaendelea kufa kwa kila dakika inayopita.

KWANZA, HAKIKISHA KARATASI YENYEWE NI SAHIHI

Kabla ya kuufasiri mchoro, angalia kama umepigwa vizuri. Baadhi ya michoro inayopotosha haitokani na ugonjwa wowote.

Kipimo cha mashine. Karatasi inatakiwa kwenda milimita 25 kwa sekunde, na milivolti 1 iwe na kimo cha milimita 10. Kwa kipimo hicho, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kisanduku kikubwa ni sekunde 0.2. Ikiwa mtu wa zamu iliyopita alibadilisha kimo kuwa milimita 20, kila kitu kitaonekana kikubwa mara mbili, pamoja na mwinuko wa ST.

Waya zilizobadilishana. Waya wa mkono wa kulia ukifungwa kushoto na wa kushoto kulia, mwelekeo wa I hupinduka na aVR husimama juu. Kwa mtu wa kawaida aVR huelekea chini. Ukiona hivyo, rudi kitandani ukakague waya kabla ya kuandika lolote.

Elektrodi za kifuani kuwekwa juu mno. V1 na V2 hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. V4 hukaa katika nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. V3 iko kati ya V2 na V4. V5 na V6 huenda usawa mmoja na V4, V5 mbele ya kwapa na V6 katikati ya kwapa. V1 na V2 zikipandishwa, mchoro unaweza kufanana na wa mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Hesabu mbavu kwa kidole, usikadirie kwa macho. Kwa mama mwenye matiti makubwa, inua titi kwa heshima na uweke V4 hadi V6 chini yake.

Kutetemeka. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au homa huchora vilima visivyotoka moyoni. Mfunike blanketi, mtulize, kisha urudie.

Usitegemee maneno ambayo mashine huchapisha juu ya karatasi. Mashine hukosea kwa pande zote, ikisema kuna mshtuko pasipokuwepo na kusema "kawaida" pale palipo na hatari.

MICHORO INAYOFANANA NA MSHTUKO WA MOYO

1. Mwinuko wa kawaida wa vijana. Baadhi ya watu wenye afya njema huwa na ST iliyoinuka kidogo maisha yao yote. Hali hii huonekana sana kwa wanaume vijana, wanariadha, na watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo wahudumu wa Kenya hukutana nayo mara kwa mara. ST hulala kama bakuli lililo wazi juu, wimbi T ni refu, na mara nyingi kuna kijino kidogo mwishoni mwa QRS, hasa katika V4. Mchoro haubadiliki ukirudiwa baada ya nusu saa, wala haulingani na maumivu yanayoongezeka na kupungua. Hata hivyo, umbo la bakuli si kinga. Mshtuko wa moyo unaoanza unaweza kuwa na umbo hilohilo kabla ya kugeuka kuwa kama bakuli lililofunikwa.

2. Uvimbe wa utando unaofunika moyo. Maumivu yake ni ya kuchoma, huzidi mgonjwa akivuta pumzi au kulala chali, na hupungua akikaa na kuinama mbele. Katika mchoro, ST huinuka katika mielekeo mingi bila kufuata eneo la mshipa mmoja, na kipande cha PR hushuka. Katika aVR mambo hugeuka: PR hupanda na ST hushuka. Kwa daktari wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Kifua kikuu ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu katika bara hili, na mara nyingi huja na maji kuzunguka moyo. Mawimbi yote yakiwa mafupi na moyo ukienda mbio, shuku maji hayo. Mgonjwa achunguzwe kifua kikuu na ashauriwe kupima virusi vya Ukimwi.

3. Moyo ulionenepa kwa presha. Presha isiyodhibitiwa hunenepesha ukuta wa chumba cha chini cha kushoto. Jumlisha kina cha wimbi S katika V1 na kimo cha wimbi R katika V5 au V6, lile lililo refu zaidi. Ikifika milimita 35 au zaidi, fikiria hali hii, ingawa vijana wembamba wanaweza kufikisha idadi hiyo bila ugonjwa. Moyo wa namna hii huinua ST katika V1 hadi V3, na hushusha ST na kupindua wimbi T katika V5, V6, I na aVL. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba QRS ikiwa kubwa, mabadiliko ya ST huwa makubwa pia, na huelekea upande ulio kinyume na QRS. Pale mwinuko wa ST unapokuwa mkubwa huku QRS ikiwa ndogo, usimlaumu presha.

4. Kuziba kwa tawi la kushoto la umeme wa moyo. Hapa QRS huwa pana, sekunde 0.12 au zaidi, yaani visanduku vidogo vitatu, na ST huenda kinyume na QRS hata bila mshtuko. Kwa miaka mingi mgonjwa mwenye maumivu na tawi lililoziba upya alihesabiwa kuwa na mshtuko wa moyo moja kwa moja. Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliacha kulitumia jambo hilo peke yake kama kigezo. Msaada mzuri ni vigezo vilivyochapishwa mwaka wa 1996 na Elena Sgarbossa na wenzake. Cha kwanza ni ST iliyoinuka milimita 1 au zaidi katika mwelekeo ambao QRS nayo inaelekea juu. Cha pili ni ST iliyoshuka milimita 1 au zaidi katika V1, V2 au V3. Cha tatu, ambacho ni dhaifu kuliko hivyo viwili, ni ST iliyoinuka milimita 5 au zaidi kinyume na QRS. Vigezo hivi vikikosekana, mshtuko haujaondolewa. Vikiwepo, hasa viwili vya kwanza, usingoje.

5. Potasiamu kuzidi katika damu. Fikiria hili kwa mgonjwa wa figo, hasa aliyekosa kusafishwa damu, na kwa anayetumia dawa za presha au moyo zinazobakiza potasiamu, kama enalapril na spironolactone. Mawimbi T huwa marefu, yenye ncha kali na kitako chembamba. Baadaye wimbi P hufifia na QRS hupanuka. Mara nyingine ST huinuka katika V1 na V2 na kumdanganya msomaji. Dawa ya kuyeyusha damu haina kazi hapa. Kinachookoa ni kalsiamu kupitia mshipa na kushusha potasiamu, na hufanywa mara moja mchoro unapoonyesha hatari, bila kungoja majibu ya maabara.

6. Kovu la zamani. Mtu aliyepata mshtuko mkubwa wa moyo anaweza kubaki na ST iliyoinuka kwa miezi au miaka, pamoja na mawimbi Q yaliyo wazi, kwa sababu ukuta wa moyo umelegea na kufutuka. Bila mchoro wa zamani ni vigumu kumtofautisha na mwenye mshtuko mpya.

7. Damu iliyoganda mapafuni. Mama aliyejifungua juzi, aliyefanyiwa upasuaji, au mtu aliyelala kitandani muda mrefu akipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi ghafla, angalia kama mawimbi T yamepinduka katika V1 hadi V4 pamoja na III. Mara nyingi alama pekee ni moyo kwenda mbio.

8. Kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote. Maumivu huja ghafla yakiwa makali mno tangu mwanzo, kama kitu kinachoraruka, na hupiga mgongoni. Presha ya mikono miwili inaweza kutofautiana. Mpasuko ukifikia mdomo wa mshipa unaolisha moyo, mchoro utaonyesha mshtuko halisi, mara nyingi wa sehemu ya chini ya moyo. Dawa ya kuyeyusha damu inaweza kumuua mgonjwa huyu. Kupima presha mikono yote miwili huchukua dakika mbili.

MICHORO INAYOUFICHA MSHTUKO

Upande wa pili wa kosa ni mchoro unaotuliza wakati mgonjwa anaangamia.

Mshtuko wa nyuma ya moyo. Elektrodi za kawaida hukaa mbele, hivyo ukuta wa nyuma hauonekani moja kwa moja. Badala ya mwinuko, msomaji huona ST iliyoshuka katika V1 hadi V3, wimbi R refu kuliko kawaida, na wimbi T lililosimama. Hamisha elektrodi tatu ziende mgongoni, usawa mmoja na V6, kama V7, V8 na V9. Mwinuko wa nusu milimita tu huko nyuma unatosha kuwa ushahidi.

Mshtuko wa chini unaoanza. Kabla ya ST kuinuka katika II, III na aVF, mara nyingi hushuka kwanza katika aVL. Mabadiliko haya ni madogo na hupitwa kwa urahisi. Mgonjwa mwenye maumivu na aVL iliyoshuka arudiwe kipimo upesi.

Mawimbi T makubwa ya mwanzo. Katika dakika za kwanza za mshipa kuziba, wimbi T linaweza kunenepa na kuwa kubwa kuliko QRS yake kabla ST haijainuka. Tofauti na ya potasiamu, mawimbi haya huwa na kitako kipana na hukaa eneo la mshipa mmoja.

Mawimbi T ya onyo baada ya maumivu kwisha. Mwaka wa 1982, Hein Wellens na wenzake nchini Uholanzi walieleza wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa yamekwisha, lakini mawimbi T katika V2 na V3 yalikuwa yamepinduka kwa kina, au yalipanda kisha kushuka. Wengi wa wagonjwa wa namna hii wana mshipa mkubwa wa mbele uliokaribia kuziba. Mgonjwa anasema amepona na anaomba kwenda nyumbani. Asiruhusiwe, wala asikimbizwe kwenye mashine ya mazoezi ili kupima moyo. Apewe rufaa.

Mchoro wa kawaida kabisa. Mchoro mmoja ni picha ya sekunde 10 tu. Mshipa unaweza kuziba, kufunguka na kuziba tena. Hata kipimo cha damu cha troponini kinaweza kuwa sawa katika saa za kwanza, kwa hiyo hurudiwa. Troponini nayo inaweza kupanda kwa sababu nyingine, kama ugonjwa wa figo au maambukizi makali ya damu, hivyo haisomwi peke yake.

UTARATIBU WA KUFUATA

Mgonjwa yeyote mwenye maumivu ya kifua, au uzito, jasho na kichefuchefu visivyo na sababu, afuate hatua hizi.

Kwanza, mchoro upigwe ndani ya dakika 10 tangu afike, na usomwe mara moja na mtu aliyefunzwa. Kituo kisicho na mashine kimpe huduma ya kwanza na rufaa, kisimzuie kwa vipimo vingine.

Pili, muulize kabla ya kuisoma karatasi. Maumivu yalianza lini, yakoje, yanakwenda wapi, yanazidishwa na nini? Je, ana sukari, presha, figo, sigara, au ndugu waliopata mshtuko wa moyo mapema? Kumbuka kwamba wanawake, wazee na wenye sukari wanaweza kuja na uchovu, kukosa pumzi au tumbo kuuma bila maumivu makali ya kifua.

Tatu, kagua waya, kasi na kimo cha karatasi.

Nne, tafuta eneo. Mshtuko hufuata njia ya mshipa: II, III na aVF kwa sehemu ya chini, V1 hadi V4 kwa mbele, na I, aVL, V5 na V6 kwa pembeni. Tafuta pia mielekeo iliyo kinyume, ambako ST hushuka. Mwinuko wenye mshuko upande wa pili unaelekea zaidi kuwa mshtuko kuliko mwinuko uliosambaa kila mahali.

Tano, linganisha na mchoro wa zamani. Karatasi ya mashine nyingi hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo nakala itolewe kwa fotokopi, na mgonjwa ashauriwe kuipiga picha kwa simu yake.

Sita, rudia. Maumivu yakiendelea na mchoro wa kwanza ukiwa na shaka, piga mwingine kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza. Andika saa na hali ya maumivu juu ya kila karatasi. Mshtuko wa moyo hubadilika, mwinuko wa kawaida hubaki ulivyo.

Saba, usikae na shaka peke yako. Mpigie daktari wa hospitali ya rufaa na umtumie picha ya mchoro iliyo wazi, pamoja na maelezo ya mgonjwa, bila kuonyesha jina lake.

Anayeshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama ana mzio nayo, anavuja damu, au anashukiwa kuchanika mshipa mkuu. Mshtuko ukithibitika na haiwezekani kumfikisha penye huduma ya kuzibua mshipa kwa katheta ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha damu hutolewa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, baada ya kukagua orodha ya vizuizi.

KURUDI KWA WAGONJWA WAWILI

Afisa wa kliniki anamwendea kijana. Aliugua mafua makali wiki iliyopita. Kifua humchoma akivuta pumzi, na usiku analala ameketi. Mwinuko wa ST umesambaa katika mielekeo mingi, PR imeshuka, na mchoro wa pili unafanana na wa kwanza. Huu ni uvimbe wa utando wa moyo. Anahitaji dawa ya kupunguza uvimbe, kupumzika, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na uchunguzi wa kifua kikuu. Hahitaji dawa ya kuyeyusha damu, na angepewa, ingeweza kumdhuru.

Mchoro wa mama unatazamwa upya. Si wa kawaida kama ulivyodhaniwa. Katika aVL, ST imeshuka kidogo, chini ya milimita 1, na wimbi T katika III limenenepa kuliko QRS yake. Mama anabaki kitandani, na mchoro unarudiwa baada ya dakika 20. Sasa ST imeinuka milimita 2 katika II, III na aVF. Presha ya mikono yote miwili ni sawa. Anatafuna aspirini. Kabla ya kupewa dawa ya nitreti ya kuweka chini ya ulimi, elektrodi ya V4 inahamishiwa upande wa kulia wa kifua. ST imeinuka huko pia, ishara kwamba upande wa kulia wa moyo umeguswa. Nitreti ingeweza kuiangusha presha yake ghafla, kwa hiyo inaachwa. Hiyohiyo ni tahadhari kwa mgonjwa aliyetumia dawa za nguvu za kiume karibuni. Daktari wa rufaa anapigiwa simu, vizuizi vinakaguliwa, na matibabu ya kufungua mshipa yanaanza.

Yule aliyekuwa hatarini zaidi ndiye aliyekuwa na mchoro mtulivu. Kilichomwokoa ni jasho usoni, neno "gunia la mahindi", na karatasi ya pili.

KWA MWANANCHI

Uzito au kubanwa kifuani kunakodumu zaidi ya dakika chache, hasa kukiandamana na jasho, kukosa pumzi, kichefuchefu, au maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, si jambo la kungoja hadi asubuhi. Usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitalini. Usimeze dawa ya kiungulia ukasubiri ikusaidie. Ukiambiwa mchoro ni wa kawaida na bado unaumwa, mwambie mhudumu kwamba bado unaumwa. Kusema hivyo si usumbufu, ni habari anayoihitaji. Omba nakala ya mchoro wako na uitunze pamoja na kadi yako ya kliniki, maana siku moja ndiyo itakayomwonyesha daktari kipi ni kipya na kipi ni cha zamani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwanariadha wa miaka 22 amekuja kupimwa kabla ya mashindano. Hana maumivu yoyote. ST imeinuka milimita 1.5 katika V3 na V4, umbo la bakuli. Je, apewe dawa ya kuyeyusha damu?

2. Mzee wa miaka 65 ana maumivu ya kifua kwa saa moja. ST imeshuka katika V1 hadi V3 na wimbi R ni refu. Hatua inayofuata ni ipi?

3. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu kwa wiki moja ana mawimbi T yenye ncha kali na QRS pana. Kipi kianze kwanza?

4. Mchoro unaonyesha mwelekeo wa I uliopinduka na aVR iliyosimama, lakini mawimbi ya kifuani yanakua vizuri kutoka V1 hadi V6. Shida iko wapi?

Majibu. 1: Hapana. Huo ni mwinuko wa kawaida wa vijana. Apewe nakala ya mchoro aitunze. 2: Piga V7, V8 na V9 mgongoni, ukishuku mshtuko wa nyuma ya moyo. 3: Kalsiamu kupitia mshipa, kisha kushusha potasiamu. 4: Waya za mikono zimebadilishana. Zirekebishe na upige mchoro mwingine.